Sekunde Arobaini na Saba za Mama

Lushoto,
2 Oktoba 2005

Dada yangu Scholastica,

Shikamoo. Baada yako namwamkia mama mkwe wako kwa adabu zote ingawa hatujawahi kuonana, na shemeji Hamza nampa mkono. Nataraji barua hii inawakuta wazima hapo Ujiji, na kwamba ile homa ya mtoto uliyoniandikia imeshatulia. Mimi afya ninayo. Baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka. Hadi wiki iliyopita ukungu ulikuwa unashuka saa nane mchana na watu wanakwenda sokoni na makoti. Shamba la Mlola limelimwa, nimeweka maharage kwenye matuta yote ya juu. Watu wa jumuiya walikuja Jumamosi kupalilia kaburi la mama, wakasali, wakanywa uji, wakaniuliza habari zako. Niliwaambia hujambo.

Barua yako ya Agosti niliipokea. Unasema mwezi ukiandama mtaanza kufunga, na siku ya Idd utawakusanya watoto, Hamza, mama yake na majirani wawili watatu, uwasikilizishe sauti ya mama. Umeniuliza mara mbili kwa nini ile CD inachelewa, na mara ya pili ukanitania kama kompyuta za Lushoto nazo hupanda mlima kwa miguu. Nilicheka, dada, kisha nikashindwa kuendelea kusoma.

Ningeweza kukupigia simu. Siku hizi mtandao unashika hata Mlola, ukipanda kile kilima cha nyuma ya shule. Mara mbili nilipanda, na mara mbili nikashuka bila kupiga. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba uisome peke yako kabla hujamsomea mtu.

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa. Unajua kwamba niko katika kile kituo kidogo tunachokusanyia kaseti za milimani: kwaya, nyimbo za harusi, wazee wakieleza habari za koo zao. Zamani kaseti zilikuwa za watu wachache, lakini tangu biashara ilipofunguliwa na maredio ya Dubai yakajaa masokoni, kila nyumba ilijirekodi. Sasa mikanda hiyo inaoza, na sisi tunaihamishia kwenye kompyuta. Tunazo sita, kuukuu, za msaada.

Kuna mfumo mkubwa wa programu, unaotolewa bure, ambao kazi yake ni kupokea sauti na picha, kuzibadilisha na kuzihifadhi. Mfumo huo umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ngumu na isiyo na huruma. Sisi hapa tunaandika kwa lugha nyingine, Python, ambayo hata karani anaweza kujifunza. Lugha hizi mbili hazielewani mpaka mtu akae katikati aandike viunganishi, yaani kila amri ya huku ipate mwenzake wa kule. Unakumbuka baba alivyokuwa akiitwa mahakamani kuwatafsiria bibi zetu wasiojua Kiswahili? Kazi yangu ni hiyo hiyo. Viunganishi vilivyokuja na mfumo vilikataa kwenye kompyuta zetu za zamani, nikaandika vyangu mwenyewe kwa miezi saba. Nilijiona mtu. Nakuambia wazi kwa sababu majivuno hayo yamo katika habari hii.

Sasa kaseti ya mama. Ilikuwa Krismasi iliyopita, wiki tatu kabla hajafariki. Aliniita kitandani, akaniambia kwamba miaka miwili nyuma, siku nilipokuwa Tanga, alikaa peke yake na ile redio ya kaseti mbili aliyoinunua baba alipopunguzwa kiwandani, akazungumza na wewe upande mzima. Kaseti iko darini juu ya meko, alisema, ndani ya kopo, pamoja na mbegu. Akanishika mkono na kuniambia kwamba maneno yale ni ya Scholastica, asiyasikilize mtu mwingine, hata mimi niliyemzika baba naye. Nikamwahidi.

Ndipo nilipolia, dada, maana ilikuwa miaka kumi na moja sijamsikia akilitamka jina lako. Tangu ulipoondoka kwenda kufunga ndoa kwa kadhi, wewe uliyesomeshwa Kifungilo na masista wakakuwekea matumaini, mama alikuwa akiulizwa idadi ya watoto wake anasema anaye mmoja. Nilikuwepo mara nyingi akisema hivyo. Sikuwahi kumsahihisha.

Kopo nililishusha baada ya msiba. Unajua kwetu kitu cha thamani kinawekwa darini, moshi ukilinde na wadudu. Mbegu za mahindi zilikuwa salama kabisa. Kaseti ilikuwa imepinda kwa joto kama ganda la muwa, na masizi yameingia hadi kwenye mkanda. Mama alikuwa ameitunza jinsi alivyojua kutunza.

Nikaipeleka kwa Hamisi, fundi redio wa pale sokoni Lushoto. Aliufungua mkanda kwa subira ya siku mbili, akausafisha, akauhamishia kwenye kasha jipya. Aliponirudishia alinieleza kwamba ule unga wa kahawia unaobeba sauti umeshalegea, mkanda utapita mara moja tu, na kinachopita hapo kitakuwa kinabanduka. Akanishauri upite palepale kwake, kwenye mashine yake ya kaseti mbili, sauti iende kwenye kaseti mpya, naye akae akisikiliza mpaka mwisho ili ahakikishe. Nilikataa. Nilimwambia maneno ni ya dada, si ya fundi. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilitaka kazi ya kwanza kamili ya viunganishi vyangu iwe sauti ya mama. Nilitaka ukipokea CD ujue kwamba mdogo wako ndiye aliyeitengeneza tangu mwanzo. Ndiyo maana ulisubiri tangu Machi hadi Agosti, nami nikikuandikia visingizio vya umeme.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe ishirini Agosti, saa nne asubuhi, kituoni hakuna mtu. Niliunganisha waya, nikaweka kaseti, nikabonyeza. Mistari ya sauti ikaanza kucheza kwenye kioo cha kompyuta. Mama alikohoa, akakutaja. Nilikuwa nimejiruhusu neno la kwanza tu, nipate uhakika kwamba inaingia. Nikashusha sauti mpaka mwisho, nikatoka nje, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi na kuangalia watu wakipandisha magunia ya karoti kwenye lori. Ningekaa ndani na kuangalia ile mistari tu, bila hata kusikiliza, ningeiona ikisimama. Lakini kumkodolea macho mama akizungumza na mtu mwingine niliona ni utovu wa adabu. Nilikaa nje nusu saa, roho kwatu, nikijisifu kwamba nimeshika ahadi.

Niliporudi, mkanda ulikuwa umefika mwisho, na kompyuta ilikuwa imeshasimama zamani. Sekunde ya arobaini na saba. Kosa lilikuwa langu, katika viunganishi. Kila kinachovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine lazima kiwe na wa kukishika. Upande wa Python una tabia ya kufagia. Ukiona kitu hakina mwenyewe unakitupa bila kuuliza. Mwandishi anatakiwa aeleze kwamba hiki kinatumika, kisiguswe. Nilieleza kwa kila kitu isipokuwa kile kinachopokea sauti kutoka kwenye redio. Ni mstari mmoja, dada. Kaseti za kwaya hazikunionyesha kosa hilo kwa sababu nilizijaribu kwa vipande vya nusu dakika.

Nilikimbia kwa Hamisi na mkanda mkononi. Aliurudisha nyuma, akauchezesha, tukasikia mchakacho kama wa mvua juu ya bati na chini yake kitu kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Akaurudia. Mara ya pili hata huyo mtu hakuwepo. Kwenye kichwa cha redio kulikuwa na unga wa kahawia, Hamisi akaufuta kwa pamba, akaiweka ile pamba mbele yangu mezani. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Kwa hiyo maneno ya mama hayapo. Nimeandika sentensi hii mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa.

Na bado sijafika kwenye jambo lililonifanya nishuke kile kilima bila kupiga simu.

Dada, ile barua yangu ya Machi nilikudanganya. Nilikuandikia kwamba nimeisikiliza kaseti, na kwamba mama amekusamehe, na nikakunukulia maneno yake: kwamba moyo wake ulishakurudia siku nyingi, kwamba kilichomzuia ni aibu, kwamba uwalee watoto katika dini ya baba yao bila hofu yoyote. Sikusikiliza chochote. Maneno yale niliyatunga mimi, kwenye meza hii, nikijua jinsi mama anavyopanga sentensi zake. Barua yako ya msiba ndiyo iliyonishinda, ile uliyosema kwamba habari zilikufikia akiwa ameshazikwa, na kwamba huli wala hulali, na kwamba Hamza anaogopa kukuacha peke yako nyumbani. Nilisema moyoni, kaseti lazima ina msamaha. Mama mwenye hasira angezungumza na redio upande mzima kwa ajili gani? Nikaona natangulia ukweli kwa wiki chache tu. CD ingefika, ungesikia yake, ya kwangu yangesahaulika.

Ukanijibu kwamba ulilala usiku mzima kwa mara ya kwanza, na kwamba ulimsomea Hamza, naye akatoka nje akalia. Niliiweka barua hiyo ndani ya kitabu cha sala cha mama. Sikuthubutu hata siku moja kuisoma tena.

Mwezi wa Septemba wote nilishawishika kufanya ovu la pili. Hapa kituoni tunazo kaseti za kina mama wengi wa Mlola, sauti zao zinafanana, na mimi nina programu ya kukata na kuunga. Ningeweza kukutengenezea mama. Nilianza hata kutafuta neno “nimekusamehe” katika kaseti ya mchezo wa kuigiza wa parokia. Nililipata. Nililisikiliza mara moja, nikafunga kompyuta, nikaenda kukaa kanisani.

Ndani ya bahasha hii utakuta CD. Ina sekunde arobaini na saba na hakuna kilichoongezwa. Nimezisikiliza, baada ya kila kitu kuharibika, na kwa hilo nalo nakuomba radhi. Nakueleza kilichomo ili kisikushtue.

Mama anakohoa, anakuita Scholastica. Halafu anaanza salamu, zote, kwa Kishambaa, kwa ule utaratibu wake wa kutoruka hata moja, kama vile umekaa mbele yake na anasubiri uitikie. Anauliza umeamkaje, nyumba imeamkaje, mvua huko zikoje. Anaacha nafasi ya majibu yako. Kisha anauliza hali ya watoto, na anawataja mmoja mmoja: Saumu, Abubakari, Hidaya. Kila nilipofungua barua zako nimsomee, mama aliinuka akaenda jikoni kuchochea moto; miaka yote nilidhani hajui hata wako wangapi. Anayatamka majina yao vizuri, dada, hata Abubakari. Baada ya Hidaya anavuta pumzi, anasema, “Haya sasa, Scholastica,” na hapo ndipo inapokatika.

Wewe unamjua mama kuliko mimi. “Haya sasa” yake ilikuwa ama unakwenda kuchapwa ama unapakuliwa chakula, na hakuna aliyeweza kujua mpaka ainuke. Sitakuambia ilikuwa ipi. Nilishamsemea mara moja, na sina haki ya kumsemea tena. Kama alikusamehe sijui, na sitajua, na wewe pia nimekunyima kujua.

Nakuomba barua ya Machi uichome. Kama Hamza ameshawaeleza watoto yale maneno, nakuachia uamuzi wa kuwaambia nini. Mimi nikija Ujiji, kama utaniruhusu kuja, nitayakana mbele yao kwa mdomo wangu. Usipojibu barua hii nitaelewa, na nitaendelea kukuandikia habari za shamba na za kaburi kila mwezi.

Msalimie shemeji Hamza, na umwombe msamaha kwa machozi niliyomliza bure. Mama mkwe mwamkie. Majirani waliokwisha kualikwa kwa Idd waambie chochote unachoona kinafaa. Siku hiyo isiharibike kwa ajili yangu. Nawatakia mfungo mwema. Ukiiweka CD kwenye mashine, nakusihi usiiache ijiendeshe yenyewe. Kaa karibu, na mama akikuacha nafasi, mwitikie.

Mdogo wako,
Kristofa