Kikombe Kimoja Leo

Bigwa, Morogoro
6 Machi 1994

Mwanangu Paskalia,

Mimi mzima, magoti tu yananikumbusha ngazi za kiwandani. Kiwanda bado kimefungwa. Wanasema anatafutwa mnunuzi. Huko Tabora hamjambo, wewe na tumbaku yako?

Nina mgonjwa. Dungusi la marehemu mama yako, lile la miiba kwenye kopo dirishani, limepiga njano na kuinama. Lina miaka ishirini na mbili. Huenda ni uzee. Bibi shamba ni wewe, niambie.

Baba yako,
Anselmi

Tabora
19 Machi 1994

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Usiseme uzee kabla hujalishika. Bonyeza shina pale chini. Likiwa gumu, lina magamba ya kahawia kama gome, huo ni uzee na haudhuru. Likibonyea na kunuka, mizizi inaoza kwa maji mengi. Tazama pia kama kopo lina matundu.

Ila nahisi limesahauliwa tu. Udongo ukiwa mkavu, lipe kikombe kimoja leo, kisha liache mwezi mzima.

Mwanao,
Paskalia

Bigwa
10 Aprili 1994

Mwanangu Paskalia,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu yananikumbusha ngazi za kiwandani.

Nina mgonjwa. Dungusi limepiga njano, sasa na chini limelainika. Barua yako nimeibandika dirishani. Kila asubuhi naisoma na kutii: kikombe kimoja leo. Sijakosa hata siku moja, bibi shamba, usije ukanigombeza.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako,
Anselmi

Tabora
24 Aprili 1994

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mama tulimzika Matombo mwaka juzi. Msalaba uliushika wewe.

Ibandue ile barua. Kosa ni langu, niliandika “leo”. Nimepewa likizo. Treni yangu itafika Morogoro Jumamosi, tarehe 7 Mei. Usije stesheni, nisubiri nyumbani.

Mwanao,
Paskalia

Bigwa
15 Mei 1994

Mwanangu Paskalia,

Marahaba. Nimevaa shati jeupe, nakusubiri. Treni za siku hizi hazina mwenyewe.

Hapa yupo mama mmoja, alishuka na treni ya Tabora. Ana adabu, kila asubuhi ananipa shikamoo. Chumvi anazidisha kama mama yako. Lakini amelikata dungusi letu! Nikamwita mwizi. Akanionyesha: chini limeoza lote, linanuka, na kopo halina hata tundu moja. Amebakiza ncha ya urefu wa kidole, ameiweka kwenye ubao ikauke kidonda, ndipo aipande mchangani.

Nikamwambia, “Mama, usiguse tena. Ngoja mwanangu aje, yeye ndiye msomi wa mimea.” Akaenda jikoni, akakaa huko mpaka ugali ukaungua.

Je, nimwamini? Barua hii ataipeleka posta yeye mwenyewe.

Baba yako,
Anselmi

Bigwa

Baba, shikamoo.

Mwamini huyo mama. Ncha ikiwa ya kijani hadi ndani, bila doa la kahawia, itaota. Maji atatia yeye. Wewe kula anachopika, hata chumvi ikizidi. Nimemuuliza, anasema harudi Tabora.

Barua hii sikuitia tarehe. Ibandike dirishani, uisome asubuhi yoyote.

Mwanao,
Paskalia