Kaburi Analotaka Mama

Kaka Makame,

Mama miguu imepona. Ningefurahi, lakini sasa anataka kusafiri. Anataka kulizuru kaburi lako.

Kaburi lipi, kaka? Wewe unaning'inia kwenye kamba zako kule Mawenzi, Kilimanjaro, na waliokwenda kukutafuta walikuona kwa darubini tu. Theluji ikawarudisha. Wakajaribu tena, mawe yakaporomoka, wakasema basi. Mgeni uliyekuwa unampandisha yeye alishushwa mzima. Ametutumia picha yako, unacheka.

Elibariki, mwongozaji mwenzako, alinipigia simu, hakunificha kitu. Wingu lilipanda asubuhi, akakwambia mrudi. Ukamjibu, "Mvua ya kupita hii. Upepo ushageuka, sasa hivi kweupe."

Hayo ni maneno ya kwetu pwani, Mkokotoni! Ndivyo tulivyosema mimi na wewe tukianika dagaa: upepo ukigeuka, hatuanui. Na huku kwetu jua lilikuwa likitoka kweli. Miaka yote uliyopandisha watu majabali, hukujua kwamba kule upepo ukigeuka ndiyo barafu inakuja? Nimekukasirikia mpaka nimechoka, na bado nakukasirikia.

Mama alikuwa hatii kitu mdomoni. Ndipo nilipomwambia kwamba umepatikana, kwamba Waislamu wa Moshi walikuosha, wakakukafini, wakakusalia, wakakulaza ubavu wa kulia kuelekea kibla. Akaniuliza, "Sanda ilikuwa nzuri?" Nikamwambia nzuri, Mama. Akaomba uji.

Sasa ameshafunga mzigo wake. Ametia udi na chupa ya marashi ya kukunyunyizia. Anamwambia kila jirani anayepita, "Nnakwenda kwa mwanangu." Jana kaniuliza kama pale ulipolala pana kivuli, na mimi nikajibu kipo, kikubwa. Uongo umenizoea, kaka, hauniumi tena kooni.

Nimemwomba Elibariki anitafutie kaburi. Amelipata huko Moshi, kwenye makaburi ya Waislamu, la kijana mmoja ambaye kwao hakujulikani na hakuna anayekuja. Amelifyeka majani, akauliza kama aandike jina lako kwenye kibao. Nikamwambia aandike.

Basi kwaheri, Makame. Mungu akusitiri huko huko ulipo, maana sisi tumeshindwa. Nakuahidi jambo moja: Mama hatajua. Nitamshika mkono mpaka pale, atalia juu ya mtoto wa mwanamke mwenziwe, atamwombea kwa jina lako, na mimi nitaitikia amin.

Nduguyo,
Mwajuma