Mayai Mkobani Mwangu

Wewe mwanangu,

Watoto wakishaoga, walete kibandani ng'ambo ya barabara. Nimewaagizia wali na maharage.

Mayai sahau, nimeyarudisha jikoni. Asubuhi uliyatia mwenyewe mkobani mwangu tukinywa chai ya hoteli, eti tupate chakula cha mchana cha bure. Mhudumu alipoyaona, ukacheka: "Msamehe, mama kazeeka, hujibebea tu." Mwanamume mzima, na ndevu hizo! Wajukuu wangu wanasikia.

Kitendawili: nilimlisha kwa mkono wangu, naye akanilisha aibu. Usinipe mji, jibu unalijua.

~~Nawe njoo ule.~~ Wewe pitia kwanza kwa mhudumu, umwambie mbele ya watoto nani aliyeyabeba. Ukishindwa, shinda na njaa.

Mama yako, kama bado wanijua mbele za watu