Ntumba Hatafika London

Dilala, Kolwezi
Tarehe 9 Juni 1985

Mpendwa mdogo wangu Kazadi,

Pokea salamu zangu na za mama yetu Ngalula. Baridi ya Ubelgiji huko Liège unaionaje? Kifua kimepona? Unakula vizuri, au bado ni mkate asubuhi na mkate jioni? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Wewe soma, usiwe na wasiwasi. Nyumba yako naitunza mimi dada yako mkubwa, kama ulivyoniagiza ulipoondoka. Tena ni habari za nyumba yako ninazokuandikia leo, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Mke wako Ntumba hakukuambia kwamba tangu mwaka jana anacheza mpira. Si wa miguu. Unaitwa korfball, uliletwa hapa na padri mmoja Mbelgiji. Kikapu kinawekwa juu ya nguzo, hakina ubao nyuma, na timu moja ina wanaume wanne na wanawake wanne wanaocheza pamoja. Mke wa mtu, mama wa mtoto, amevaa kaptula, anarukaruka mbele ya wafanyakazi waliotoka zamu mgodi wa Mashamba.

Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema mwezi wa saba kuna mashindano makubwa London, ya michezo ambayo Olimpiki haiitaki. Eti watakuwepo watu wa kuvuta kamba, watu wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, hata watu wa kurusha ndoano uwanjani, juu ya majani, pasipo maji wala samaki. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Timu yao iliitwa Kinshasa kuchujwa, na watakaoshinda wangepelekwa huko. Nikamwambia aache. Hakuacha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikalisubiri hilo guu.

Mwezi wa nne binti yako Tshibola akashikwa na homa, macho mekundu, vipele mwili mzima. Unaijua desturi yetu watu wa Kasai: mke akiguswa na mwanaume mwingine akanyamaza, laana ya tshibawu inaingia nyumbani, na anayeugua ni mume au mtoto. Dawa haishiki mpaka mke akiri. Nikamwita Ntumba mbele ya mama na wazee. Akasema hakuna aliyemgusa.

Mwalimu wa timu yao, Mukalay, akaja mbio kumtetea. "Mama Mbelu, mu huu muchezo mwanaume analinda mwanaume, mwanamuke analinda mwanamuke. Wakichanganya, arbitre anapiga filimbi." Nikamjibu kwamba sheria ya mpira inaishia kwenye chokaa ya uwanja, na filimbi yake akaipulizie huko huko.

Siku mbili tulikaa hivyo. Kadi ya hospitali, ambayo bila hiyo mtoto hapokelewi, nilikuwa nayo mimi, nimeifunga kwenye pindo la kikwembe changu. Mtoto akikohoa Ntumba ananitazama, nami namtazama. Mwishowe akapiga magoti, akaniita dada mkubwa. "Niseme jina ya nani, yaya? Uniambie tu, nitasema."

Nilimwambia jina analijua mwenyewe. Akamtaja Banza, karani mmoja wa timu yao, kijana wa watu ambaye hata mlango wetu haujui. Eti Ntumba alianguka uwanjani, Banza akamshika mkono kumwinua. Basi. Kwangu ilitosha. Nikafungua pindo, nikampeleka mtoto hospitali mwenyewe. Daktari akasema ni surua, mtaa mzima wanayo. Yeye anajua surua, kilichoileta hajui. Mtoto amepona kabisa, ameanza kunenepa.

Sasa jambo ambalo mama hakutaka nikuandikie. Mke akishakiri na kutakaswa, desturi inamruhusu kurudi jikoni kwake. Wazee walikubali, na mama alilia ili abaki. Mimi nilikataa. Nilikwenda stesheni nikamkatia tiketi ya Mwene-Ditu kwa wazazi wake, nikamfungia na masufuria yake. Mcheza kwao hutunzwa, basi na akatunzwe huko. Mtoto ni wa ukoo wetu, amebaki.

Siku ya kuondoka ndipo aliponieleza, bila kulia, kwa nini aliushika ule mpira. Mchezo wenyewe haupendi hata kidogo, unamchosha shingo. Lakini alitazama ramani shuleni kwa mapadri, akaona kutoka London mpaka kwako ni meli na treni, safari ya usiku mmoja. Alitaka aje agonge mlango wako bila wewe kujua. Miaka minne, alisema, hata sauti yako imeanza kumpotea. Akanisihi nikufikishie hayo. Nimeyafikisha.

Niliposikia hivyo nikajua nimefanya vizuri. Angefika huko asingerudi, na wewe usingerudi. Nani angemzika mama? Nani angenizika mimi? Naogopa kuzeekea Dilala peke yangu, Kazadi, sikufichi. Mke mwingine tutakutafutia, dada mwingine huna.

Timu ilikwenda Kinshasa na msichana mwingine, Henriette, mahali pake. Wamerudi wiki iliyopita, wameshindwa kwa kikapu kimoja. Mtaani wanasema kile kikapu Ntumba asingekikosa. Watu hawakosi la kusema.

Nisalimie Tshibangu na wenzako wote wa huko. Mama anakuwekea mikono kichwani kutoka mbali, Mungu akufungulie mitihani yako na akurudishe mzima. Tshibola anakusalimia sana. Mwanzoni alikuwa anamlilia mama yake kila jioni. Siku hizi nikitoka sokoni anakimbia kunipokea, ananiita mama, nami naitika.

Wako akupendaye kuliko wote,
dada yako Mbelu