Tembo Ambaye Sikumshona

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za baba watoto na za watoto wenyewe, ambao wamenisukuma kiwiko mara kadhaa tangu nishike kalamu. Natumaini mgongo umepata nafuu, na shemeji ameacha kukumalizia dawa yako ya kuchua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Akili yangu tu ndiyo bado haijakaa sawa, na ukisoma utanielewa.

Uliniuliza kama nimeamua kurudia kushona wanyama wangu wa kitambaa au bado nazungukazunguka. Nilikuwa nazunguka kweli. Asubuhi nasema leo naanza. Ikifika mchana mdogo kapanda meza, dada yake kamwaga maji kwenye godoro, nami najiuliza nianze nini, wazimu? Tena unajua mama mkwe ndiye aliyenisihi niache, siku ile mdogo alipookota sindano sakafuni akaitia mdomoni. Aliitoa yeye kwa kidole, akaniambia palepale kwamba vitambaa haviozi, vitaningoja watoto wakue. Nikafunga kila kitu kwenye begi, nikalisukuma juu ya kabati, na tangu hapo sijashona hata kifungo cha shati.

Sasa sikia. Juzi nilikwenda kumchukua binti yangu shuleni, mama mmoja akanishika mkono getini kunishukuru kwa tembo niliyemshonea mwanawe. Nikacheka, nikamwambia kanifananisha, mimi niliacha zamani. Akamtoa tembo kwenye mkoba wa mtoto. Dada, nilimnyakua mkononi mwake. Alikuwa tembo wangu! Sikio la kushoto limekunjwa kidogo kama nilivyokuwa nalikunja, mkia wa uzi wa kusuka, na chini ya mguu ile nukta nyekundu niliyokuwa naiweka kama alama yangu. Nilimgeuza na kumgeuza. Nusura niamini kwamba nilimshona nikiwa usingizini.

Kumbe alimnunua kwenye duka la vifungo na nyuzi, lilelile nililokuwa nauzia. Nikamburuta binti yangu hadi huko, njia nzima nikipanga maneno ya kumwambia mwizi wa kazi yangu. Nilikuwa nimeshamhukumu jirani wa ghorofa ya juu, kwa kuwa aliwahi kuniomba nimfundishe. Masikini, sijui nitamtazamaje usoni.

Mwenye duka alinishangaa kuliko nilivyomshangaa. "Mama, unaniuliza mimi? Si wewe unayewashona?" Akanieleza kwamba mzigo huletwa na mama mkwe wangu, na kwamba yeye husema nimebanwa na watoto, ndiyo maana siendi mwenyewe. Mama mkwe! Huyu anayetuaga kila alasiri kwamba anakwenda kumkanda rafiki yake magoti!

Nilimkuta nyumbani akimlisha mdogo. Hata salamu sikutoa. Nikamuuliza kama anamjua tembo mmoja mwenye sikio la kukunja. Kijiko kikasimama hewani. Akakiweka chini, akamfuta mtoto mdomo, akanieleza yote bila kuzunguka. Nilipoacha, alikwenda dukani kuwaambia wasinitegemee tena. Akamkuta mtoto na bibi yake wakingoja sungura niliyewaahidi. Mtoto akamuuliza, "Sungura wangu yuko wapi?" Ulimi ukamkatalia kusema ukweli, akajibu yuko njiani. Basi ikambidi amtengeneze. Akachukua kwenye begi vipande vyangu vya karatasi vya kukatia vitambaa, akaenda kwa huyo rafiki, ambaye magoti yake ni mazima kuliko yangu, wakafumua mnyama mmoja niliyemshonea binti yangu waone ameunganishwaje. Sungura alitoka kama mbuzi aliyekonda. Mtoto akampenda hivyohivyo, wengine wakaagiza wao, naye akaendelea kushona na kuuza.

Hata viatu vya watoto, nilivyodhani kanunua baba watoto, naye akidhani nimenunua mimi, vilitokana na pesa za wanyama hao! Nilipompa habari, baba watoto alibaki na kikombe mkononi akirudia tu, "Mama yangu? Mama yangu mimi?"

Nilikuwa nimefura, dada, sikufichi. Nikamuuliza mama mkwe mbona alinitoa kwenye kazi kisha akaikalia yeye. Ndipo akalia. "Mwanangu, tangu niolewe, kila nilichotengeneza kimeliwa kikaisha, au kimefuliwa kikachafuka tena. Yule sungura ndiye kitu cha kwanza nilichofanya kikabaki." Akasema kazi ni yangu, niichukue leo hii, hatagusa tena uzi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba watoto hajalisikia. Aliponirudishia, sikufurahi. Niliona wivu, maana tembo wake ni mzuri kuliko wangu wote. Mimi nilikuwa nashona harakaharaka nikauze. Mishono yake imetulia kama imeota yenyewe. Kisha hofu ikanishika. Nilimtazama anavyolia nikajiona mimi, nimezeeka, mikono mitupu. Wasiwasi wote wa nianze au nisianze ukaniishia palepale jikoni.

Kwa hiyo nimeanza tena. Sindano zote zinakaa kwa yule rafiki, ng'ambo ya barabara, mbali na vidole vya mdogo. Asubuhi naenda mimi, mama mkwe anabaki na watoto, alasiri tunapokezana. Jana nilimletea twiga wangu wa kwanza amwone kabla ya kwenda dukani. Akavaa miwani, akamvuta shingo, akambinya tumbo. Kisha akaomba mkasi, akaanza kumfumua taratibu. "Huyu bado, mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa. "Tukimpeleka, tutaliharibu jina lako."

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto mashavu yote mawili. Usinicheke sana, na ukinicheka, andika upesi nijue.

Ni mimi mdogo wako,
mwanafunzi wa mama mkwe.