Sombe ya Shangazi wa Kitabuni

Jumatano. Manyunyu yameshinda hapa ugenini Isipingo tangu asubuhi, na nimerudi nyumbani nimeshiba chakula ambacho hakikupikwa kwa ajili yangu. Nimeridhika, shajara yangu. Aibu nayo ipo, ila shibe imeizidi.

Nianze na mkono. Wiki tatu zilizopita niliteleza kwenye ngazi, kifundo cha mkono wa kulia kikateguka, na msusi asiye na mkono wa kulia hana kazi. Dada Solange, mwenye saluni, hakunifukuza. Aliniambia nije niwasomee wateja, maana rasta za kichwa kizima huchukua saa sita na umbea wetu huisha kwenye saa ya pili. Nilijua ni huruma. Nilijua pia kwamba huruma huchoka, kwa hiyo nimesoma kwa bidii kuliko nilivyowahi kusuka.

Kitabu ninacho kimoja tu: riwaya ya zamani ya mvulana mtundu anayetoroka kwa shangazi yake na kuteremka mto mkubwa kwa chelezo. Kilikuwa cha baba, mwalimu kule kwetu Uvira. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Macho yangu husoma Kifaransa, mdomo hutoa Kiswahili. Mwandishi wake ananishangaza. Anasimulia vituko kwa uso mkavu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, na wewe ndiye unayebaki kujishika mbavu. Baba alisema siri yake ni moja: hacheki kabla yako.

Ijumaa nilifika pale ambapo mvulana hajaonekana kwa siku tatu, mji mzima unamtafuta kandokando ya mto, na shangazi analia hata hali chakula. Nilisoma vizuri mno. Wasusi wawili waliacha kusuka wakafuta macho.

Hapo ndipo Maman Chantal alipotoa kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele. Yeye ni mama wa maombi kanisani kwetu. Chini ya mashine ile mtu hasikii kitu, na alikuwa amenipa mgongo, kwa hiyo kitabu hakukiona. Alisikia habari za shangazi, akaona watu wanalia, akalia naye, akakimbilia teksi ya kurudi nyumbani.

Jumamosi nikasoma sura iliyofuata. Mvulana akapatikana, mzima, ana njaa tu.

Jumapili, wakati wa kuleta mahitaji ya maombi, Maman Chantal akasimama. "Wapendwa, iko mtoto moja alipotea kwenye mto. Shangazi yake analia, hakuli."

Kanisa zima likapiga magoti. Mchungaji akatangaza kufunga siku tatu, kuanzia Jumatatu.

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nilipiga magoti pamoja nao.

Ningeweza kusema palepale. Nilinyamaza kwa woga, na woga wenyewe una jina: dada Solange. Saluni yake inaishi kwa akina mama wa kanisa lile. Nani angekuja tena kusukwa mahali ambapo msomaji amewafungisha bure, na Solange angenibakiza wa nini? Basi nikafunga nao. Jumatatu nilivumilia hadi saa sita mchana, njaa ikanishinda, nikala mkate nyuma ya pazia la stoo kama mwizi.

Leo saa kumi na moja na nusu jioni mlango ukafunguka. Maman Chantal, mwavuli mkono mmoja, sufuria inayonukia kisamvu mkono wa pili.

"Nimeleta sombe ya ule shangazi," alisema. "Mutu mwenye kulia hawezi pika. Munipeleke kwake."

Dada Solange alinitazama. Wateja wote walinitazama. Midomo ya Maman Chantal ilikuwa imekauka, na hapo nikashindwa kabisa, kwa sababu mtu mzima alikuwa na njaa kwa ajili yangu.

"Maman, ule mtoto ni ya kitabu," nilisema, nikakiinua.

"Eish, Esther," alisema Solange kwa sauti ya chini.

Maman Chantal aliweka sufuria mezani. "Mimi nimefunga siku tatu kwa mtoto ya kitabu?"

"Ndiyo, maman. Munisamehe."

Alikaa. Alikung'uta mwavuli wake taratibu, mimi nikihesabu siku zangu za kazi zilizobaki.

"Na walimupata?"

"Walimupata. Jumamosi."

"Mbele ya maombi yetu kuanza?"

"Mbele ya maombi."

Akainua mikono. "Mungu anajibu hata mbele ya kuombwa. Solange, leta sahani, saa ya kufungua imefika. Na wewe, soma. Nataka kujua kwa nini alitoroka shangazi mzuri vile."

Tulikula sombe ya shangazi wote, wateja na rasta zao nusu. Solange, akilamba kidole, aliniambia hata mkono ukipona nitasuka asubuhi na kusoma mchana. Nilifurahi, nikamwongezea sombe.

Lakini Maman Chantal aligeuka mlangoni. Kwetu maombi yakijibiwa lazima mtu atoe ushuhuda, na amesema mtu huyo ni mimi. Jumapili hii, mbele ya waliofunga wote.

Nitasimama. Nitasema mtoto amepatikana, kisha nitasema amepatikana ukurasa gani.

Nisicheke kabla yao tu.