Kitu Kilichomuua Hilaire

Kibabi, Masisi
Tarehe 11, mwezi ya tano, 2024

Mpendwa mukamwana wangu Dancille, Mama Gisubizo,

Jambo sana, na jambo tena. Uko namna gani kule Walikale? Watoto wanaamka vizuri? Mvua inawaacha mulime? Sisi huku tuko. Mihogo imebeba, na maharagi nimevuna mingi kuliko jirani wote, miaka yangu sabini na moja hii. Ona, nimeanza kujisifu tena. Niache.

Najua ukiona jina yangu utataka kupasua karatasi. Usipasue mbele ya kufika mwisho, kwa sababu ndani iko mambo ya uzima wa Gisubizo na Umuhoza, wajukuu wangu. Nimeandika mimi mwenyewe, siku tatu. Mambo ya aibu kama hii siwezi kutuma muntu aniandikie.

Mwezi ya pili nilianguka kwenye soko ya Sake. Vijana walikuwa wanashindwa kupandisha mufuko ya viazi ku gari. Nikawaambia, "Tokeni hapo, ninyi mulikomala na biskwiti, sisi tulikomala na maziwa." Nikainua. Kifua ikakaza kama wananifunga na kamba ya ng'ombe, nikalala juu ya viazi. Wale wale wa biskwiti njo walinibeba mupaka hospitali ya Goma.

Kule daktari moja, Mama Aurélie, alishika vidole vyangu, akaangalia vile vinundu unavijua, na vile vya nyuma ya kisigino. "Papa, hivi viko tangu lini?" Nikamujibu kwa kiburi: "Hii njo alama ya ukoo. Baba yangu alikuwa nayo, kaka yangu alikuwa nayo, mutoto wangu alikuwa nayo. Asiye nayo hajue jembe." Akaacha kuandika. "Na hao wote wako wapi?"

Dancille, nilihesabu mbele yake. Baba, alianguka akichunga ng'ombe. Kaka, alianguka kwenye mulango ya kanisa. Hilaire, mutoto wangu na bwana yako, miaka makumi ine na moja. Mama Rosalie, muke wangu, alikuwa pembeni. Akasema, "Jisifu basi tena, si hivyo vidole vyako?"

Walinitoa damu, wakapima. Daktari akasema katika damu ya kila muntu iko mafuta, wanaita kolesteroli, na ini njo inayaondoa. Kwetu sisi tunazaliwa na ini yenye haiwezi kuyaondoa vizuri. Inabaki, inaganda kidogo kidogo ndani ya mishipa ya moyo tangu utoto. Vinundu ni mafuta hayo hayo. Nilibisha. Nilisema Hilaire alikuwa mukondefu, chakula yake sombe, majani ya mihogo, na maharagi. Akasema, "Papa, hii haichague munene na mukondefu. Inatoka kwa muzazi. Kila mutoto iko na nusu ya kuipata, nusu ya kuikosa."

Basi hakuna karuho, ile sumu ya kulishwa. Hakukuwa na sumu kwenye sombe yako. Na mimi, maiti bado haijaoshwa, nilisimama kwenye lupango, uwanja ya nyumba, nikapiga kelele kwamba umemulisha. Nilikukataza kukaa kwenye matanga ya bwana yako. Nilikufukuza na kikwembe kimoja na watoto wawili. Miaka sita.

Kama ingekuwa ujinga tu, ningeomba samahani kama wajinga wengine. Lakini iko kitu yenye hata Rosalie hakujua. Juma mbili mbele ya kufa, Hilaire alikuja kwangu. "Papa, nikipanda mulima kifua inanikaza, mukono inakufa." Nilimucheka. Nilimuambia, "Umekuwa mwanamuke mwenye mimba?" Nikamubebesha maharagi mupaka Sake, mara mbili juma ile. Kwa hiyo alipoanguka, nilijua alikuwa anaumwa tayari. Watu wakaanza kuuliza juu ya chakula yako, na mimi nikaona mahali pa kujificha. Nilikuzika wewe kwenye kaburi ya kosa yangu, mama.

Sasa sikiliza. Marcellin, yule wa pikipiki, alipita Omate, kule kwa machimbo, akaniambia Gisubizo anachimba kule, anabeba mifuko ya mawe kuwashinda wote, na anaonyesha wenzake vinundu vya kisigino akisema, "Njo nguvu ya babu." Mimi njo nilimufundisha hiyo. Muambie si nguvu. Muambie babu alimudanganya. Atoke kwenye shimo, ashuke Goma, apimwe damu. Na Umuhoza naye, hata kama hana kinundu hata kimoja. Karatasi ya daktari iko ndani ya bahasha hii, jina ya kipimo iko juu yake. Dawa iko, kidonge moja kila siku mupaka kufa. Mimi nakunywa, na unajua vile nilikuwa nachukia dawa. Kama hawataki kuona uso wangu, wapite Sake bila kupanda huku.

Siku ya Mungu iliyopita nilisimama kanisani nikasema yote, hata ile ya maharagi. Wengine walitoka. Dusabimana, mudogo wa Hilaire, hanisemeshe. Yuko na haki. Shamba ya Hilaire ya upande wa muto ni yako, chef wa kijiji amesikia.

Usalimie kaka yako Jérémie aliyekupokea wakati mimi nilikufukuza. Umusalimie Umuhoza, umushike Gisubizo mukono, uguse vidole vyake. Rosalie anakusalimia na machozi. Mungu awalinde mioyo, hii ya nyama kabisa.

Samahani siiombe leo. Nijibu tu neno moja: kama Gisubizo ametoka kwenye shimo.

Ni mimi niliyekusingizia, baba mukwe wako,
Nzabandora